Picha ya Kichwa cha Mheshimiwa

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA: Ni mimi.

FUNDI: Mimi nani? Namba siijui. Sema kwa nguvu, mashine ya zege inanguruma hapa—

MAMA: Mkeo! Simu yangu imeisha chaji. Nimeazima kwa mama mmoja, tumekaa naye benchi hapa hospitali tangu asubuhi.

FUNDI: Ah, Mama Mheshimiwa! Poleni. Mtoto wamempiga picha?

MAMA: Wamempiga. Tumetoka kwa daktari sasa hivi.

FUNDI: Ehe? Unanipata?

MAMA: Nakupata. Mrija mzima.

FUNDI: Mrija upi?

MAMA: Wa kichwani, baba, upi tena? Ule aliowekewa akiwa mchanga, baada ya kushonwa mgongo. Unapitisha maji vizuri. Hakuna upasuaji.

FUNDI: Mungu mkubwa! Sasa mbona sauti kama umefiwa?

MAMA: Nimechoka.

FUNDI: Shangilia, mama! Mtoto mzima—

MAMA: Nilikuwa naomba uwe umeziba.

FUNDI: Nini? Mtandao unakatakata—

MAMA: Nimesema nilikuwa naomba mrija uwe umeziba! Wangeuzibua, akarudi nyumbani anajua hesabu. Tangu afeli mtihani najiambia, ni mrija, ni mrija. Mama gani anamwombea mwanawe kisu?

FUNDI: Hata mimi.

MAMA: Hata wewe nini?

FUNDI: Basi tu. Daktari kasemaje?

MAMA: Katuonyesha picha. Ubongo una pande mbili, katikati kuna kama daraja la kupitishia habari huku na huku. La kwake jembamba, huko nyuma ndiyo kabisa. Ndivyo alivyoumbwa. Watoto wengi wa mgongo wazi wako hivyo.

FUNDI: Lakini huyu anaongea kuliko wakili! Wageni wakija kwetu, mimi na wewe ndio tunakuwa wageni.

MAMA: Hapo ndipo tulipojidanganya. Maneno anayo. Daktari kampa vijiti vya rangi avipange kama kwenye mchoro. Mheshimiwa wako kavisifia, kavipa majina, kamweleza daktari nani kamwoa nani. Kuvipanga, kashindwa.

FUNDI: Kama dukani.

MAMA: Kama dukani. Unamtuma sabuni, chumvi na kiberiti, anarudi na salamu za mwenye duka.

FUNDI: (anacheka, anaacha) Mimi nilidhani jeuri. Mtoto mwenye ulimi ule, unamtuma vitu vitatu—

MAMA: Havimkai kichwani. Si jeuri. Daktari anasema mwagize kimoja, akimaliza mwagize kingine. Hesabu ashike vitu kwa mkono. Na shule abaki ileile, nitaongea na mwalimu mimi.

FUNDI: Atapona lini?

MAMA: Si ugonjwa wa kupona, baba. Nami nimeuliza hivyohivyo. Anasema picha inaonyesha ubongo ulivyo, haionyeshi mtoto atafika wapi.

FUNDI: Naye daktari huyo!

MAMA: Kauliza jingine. Nyumbani tunafanyaje akikosea.

FUNDI: Ukamwambia?

MAMA: Nimwambie nini? Kwamba baba yake hamsemeshi tangu majibu ya mtihani yatoke?

FUNDI: Sijawahi kumpiga mimi. Nilidhani nikinyamaza ataona uchungu, ashike—

MAMA: Uchungu ameuona. Anakufuata nyumba nzima na magongo yake, anakuuliza, anajijibu mwenyewe. Halafu usiku anakuja kuniuliza mimi kama sauti yako inauma.

FUNDI: Sauti yangu?

MAMA: Nimechoka, baba. Yeye namsikiliza mimi, na kimya chako nakibeba mimi.

FUNDI: Nilitaka ajitahidi. Mtoto wa miguu ile, akiikosa na shule—

MAMA: Najua.

FUNDI: —atashika nini, mama?

MAMA: Najua, baba. Haya, mwenye simu ananitazama. Nikate.

FUNDI: Ngoja! Yuko wapi?

MAMA: Yupo hapa, anamhutubia mlinzi.

FUNDI: Mpe simu.

MAMA: Kama ni kumgombeza—

FUNDI: Mpe simu, nakuomba.

(mikwaruzo)

MHESHIMIWA: Shikamoo, baba. Si lazima uitikie, najua uko kazini. Nilitaka tu kukwambia kwamba—

FUNDI: Marahaba.

MHESHIMIWA: (kimya)

FUNDI: Haloo? Mheshimiwa?

MHESHIMIWA: Umeitikia.

FUNDI: Nimeitikia, mwanangu.

MHESHIMIWA: Saba mara nane bado sijaijua, baba. Nimejaribu kwenye foleni.

FUNDI: Achana nayo. Nisimulie hiyo mashine ya picha.

MHESHIMIWA: Yote?

FUNDI: Yote.

MHESHIMIWA: Basi, baba, ni shimo! Unaingizwa kichwa kwanza, inagonga, inagonga, nikajua hapa mafundi wako kazini. Halafu yule dada wa mashine akasema nisiseme hata neno. Mimi, baba! Nikajiambia, kunyamaziwa nimeshazoea, lakini kunyamaza mwenyewe—

(tuu, tuu, tuu)

FUNDI: Haloo? ... Zimeni hiyo mashine! ... Haloo? Mwanangu? Baba anasikia. Sema.