Sista Hodi, Aliyeshushwa Jukwaani

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, na haukupitiwa na kamati yoyote. Chama cha wauguzi wa kujitegemea kilituletea wa kwake juzi, ukurasa mmoja na nusu, umechapwa vizuri, na neno "mpole" limo mara tano. Kila kitu kilikuwemo isipokuwa mwaka 2014. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba msibani si mahali pa kufukua mambo. Tulishukuru, tukaurudisha na bahasha yake. Marehemu hakuwa mpole, na mwaka 2014 ulikuwepo.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa karani wa stoo na mshonaji wa mashuka. Akiwa na miaka sita alimwambia mgeni wa baba, mbele ya watu, kwamba viatu vyake vinanuka. Baba akamchapa. Mgeni akaenda kuvivua nje. Tangu hapo aliamini kwamba ukisema kweli utachapwa, lakini viatu vitatoka, na hakuna aliyeweza kumtoa katika imani hiyo.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1968, kisha sekondari ya wasichana, kisha chuo cha uuguzi alikohitimu Novemba 1982. Cheti chake tunacho. Alama zake za usafishaji wa vidonda ni za juu kuliko za darasa zima, na za "mahusiano na viongozi" hazifai kusomwa mbele ya wakwe.

Alifanya kazi wadi ya upasuaji kwa miaka kumi na minane. Wasifu wa chama ulisema "aliamua kujiajiri". Ukweli ni kwamba aligombana na matroni kuhusu glovu zilizofuliwa na kuanikwa dirishani ili zivaliwe tena. Hakufukuzwa. Alihamishiwa stoo kuhesabu mablanketi, wakijua atachoka mwenyewe, na Juni 2001 akachoka. Akajiandikisha muuguzi wa kujitegemea. Kwenye fomu, palipoulizwa kituo cha kazi, aliandika "miguuni". Alizunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wa kahawia, akifunga vidonda, akibadilisha mipira ya mkojo na kuchoma sindano. Jina la Sista Hodi alipewa na wagonjwa, kwa sababu hata mlango ukiwa wazi hakuingia mpaka ajibiwe. Asiyeweza kusema alikohoa.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Septemba 1986, na fundi redio aliyefika wadini na kidole kilichoungua kwenye kulehemu. "Ukipiga kelele naanza upya," alimwambia. Fundi anakiri leo kwamba alipiga kelele makusudi. Walijaliwa binti na mwana. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa hawakukosa siku ya kubishana, na mumewe anasema nyumba sasa ina kimya asichojua la kukifanyia.

Sasa tufike pale ambapo baadhi yenu mmeanza kutazama saa.

Mwaka 2011 marehemu alikuwa akimhudumia mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa miaka sabini na tisa mwenye kisukari. Kazi hiyo alipewa na mtoto mkubwa wa kiume wa mzee. Binti wa mzee, aliyekuwa haongei na kaka yake, akaleta muuguzi wake mwingine bila kumwambia mtu, aanze Jumatatu, tarehe 8 Agosti. Muuguzi huyo alifika saa kumi na mbili na nusu, akachoma insulini, akaandika daftarini mwake, akalitia mkobani, akaondoka. Marehemu alifika saa moja kama kawaida. Akabisha hodi, mzee akaitikia, akachoma insulini, akaandika, akatia mkobani, akaondoka. Saa tano akaitwa na mke wa yule mtoto mkubwa.

"Sista, mzee kalala tu tangu mlipomchoma."

"Tulipomchoma mimi na nani?"

"Si na yule wa wifi? Alikutangulia. Nilidhani mmepangana."

Mzee alifikishwa hospitali hajitambui, akafariki siku ya sita. Wauguzi wote wawili walikuja. Nje, penye bomba la kunawia, yule mwenzake alimshika mkono. "Tuseme ni umri. Miaka themanini kasoro, nani atauliza?" Marehemu akakubali. Mdogo wake anayaandika haya kwa uchungu, maana dada aliyemsema mgeni wa baba alinyamaza miaka mitatu. Familia ya mzee iliambiwa ni umri, ikawashukuru wote wawili kwa huduma njema. Marehemu alikonda. Sisi tukadhani ni kutembea sana.

Wenye kazi hii mnajua daftari wakati ule lilikaa mkobani kwa nini. Ukiliacha kwa mgonjwa, mwenzio ataliona, atajua dawa, atajua saa, na kesho mgonjwa ni wake. Hospitalini kuna faili miguuni pa kitanda. Nyumbani, mgonjwa alikuwa mali ya aliyewahi.

Tarehe 9 Mei 2014 chama kilifanya mkutano mkuu katika ukumbi wa hoteli, ghorofa ya pili, chini ya kiyoyozi kilichokuwa kikidondokea ndoo. Marehemu alialikwa kutoa mada iliyoitwa "Kumpata Mteja na Kumtunza", dakika ishirini, baada ya chai. Siku moja kabla alikwenda kwa watoto wa mwalimu mkuu, mmoja mmoja, akawaeleza yote yaliyomhusu yeye. Kaka alimfungia mlango. Dada mtu alikaa chini sakafuni. Kesho yake, akiwa amevaa gauni jeupe alilopigiwa pasi na mumewe, alipanda jukwaani mbele ya watu mia mbili na arobaini.

"Nimeombwa niwafundishe kumshika mteja asitoroke," alisema. "Wa kwangu nilimuua. Nilimchoma insulini aliyokwisha kuchomwa. Daftari langu lilikuwa mkobani mwangu, la mwenzangu mkobani mwake, na mezani kwa mgonjwa hapakuwa na hata kipande cha karatasi. Naomba leo tukubaliane: daftari libaki kwa mgonjwa."

Mdogo wake alikuwa kiti cha nyuma, ameshika mkoba wake, na alisikia kila neno lililorushwa. "Shuka!" "Unatutia kitanzi!" "Nani atatufungulia mlango kesho?" Mwanamke mmoja mnene, ambaye leo amekuja na shada kubwa kuliko mengine yote, alisimama juu ya kiti kupiga mluzi. Mwingine akauliza mwenzake huyo ni nani.

"Ana mdomo wake," alijibu marehemu. "Akitaka atasema."

Hakuna aliyesema. Dakika ya saba kipaza sauti kilizimwa. Katibu wa kikao akatangaza kwamba dada yetu amechoka na tumpigie makofi, na mkayapiga, yale makofi ya kumsindikiza mlevi nje ya harusi. Akashuka. Kwenye ngazi hakuna aliyempisha wala aliyemzuia. Wiki ya tatu barua ya kumfukuza chamani ilifika, yenye makosa mawili ya tahajia, akayasahihisha kwa kalamu nyekundu akairudisha. Baraza la wauguzi lilimsimamisha kazi mwaka mmoja. Hilo hakulipinga, alisema ni haki.

Wagonjwa walimkimbia, kisha wakarudi mmoja mmoja, maana kidonda hakijui siasa. Kila nyumba aliacha daftari mezani. Wenzake walimcheka miaka mitano. Mwaka 2019 chama kikatoa mwongozo mpya: daftari la mgonjwa libaki nyumbani kwa mgonjwa. Juu ya jalada kuna picha ya mwenyekiti akitabasamu. Jina la marehemu halimo, hata kwenye shukrani, ambako mpishi wa semina yumo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ninyi mmeficha mpaka kifo cha mwenzenu.

Miguu yake ilianza kuvimba Februari mwaka jana. Ilikuwa ni moyo. Alijiuguza kwa ukali uleule, akikemea hata glasi ya maji iliyozidi kipimo. Daftari lilikaa mezani kwake, na kila aliyempa kidonge aliandika saa na kusaini, fundi redio akiwemo, ambaye mwandiko wake alisema ni wa kuku. Wanachama watatu walikuja kumwona. Watatu. Tunawashukuru na wanajijua. Alifariki Alhamisi saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake.

Wiki ya mwisho alimweleza mdogo wake muuguzi wa saa kumi na mbili na nusu ni nani, akamwapisha asimtaje. Mdogo wake alibisha. Akalia. Akasema watu hawa hawastahili. Marehemu akamwambia, "Mimi nilihitaji miaka mitatu. Wengine wanahitaji zaidi. Usimwibie nafasi yake." Kiapo ni kiapo. Hatajwi hapa.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, kaka mmoja na mdogo wake huyu. Ameacha pia watoto wawili wa mwalimu mkuu, waliopatana mwaka 2016 na wameketi leo pamoja, safu ya pili, wakiwa wamesikia ukweli wa muuguzi mmoja tu kati ya wawili.

Baada ya hapa ratiba inaonyesha salamu za chama. Ndugu tulitaka zifutwe. Marehemu alikataa, akaagiza zitolewe na mwenyekiti mwenyewe, mbele ya watoto hao, na asikatizwe hata akitumia siku nzima.

Dada, wewe umemaliza ya kwako. Lala kwa amani.

Mwenyekiti, karibu mbele.