Na Huko Ndani Kukoje?

Ijumaa ile walikuwepo Wambua, dereva, ambaye kijiweni huitwa Meya. Onesmus, mlinzi, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki. Zacharia, aliyewahi kuendesha lori Bandari ya Jeddah na mpaka leo anaitwa Jeddah. Emmah, yaya wa mapacha, mwenye chupa ya gahawa, kahawa ya Kiarabu. Na Serah, mgeni. Benchi lao liko mtaa wa Malaz, limeegemea ukuta wa dobi, pale mvuke wa pasi unapotoka na kuwapasha migongo. Ilikuwa Januari, saa kumi jioni, na upepo wa Riyadh ulikuwa mkavu, unauma masikio. Meya alijifunika farwa, lile joho zito la manyoya ambalo bosi wake alilichoka mwaka juzi.

Serah alikuwa na sweta jepesi la kijani. Emmah alimwona akificha vidole kwenye mikono ya sweta, akamsogezea kikombe cha kwanza.

— Wakubwa, naomba mnisaidie, Serah alisema. Madam amenipa mpaka saa kumi na mbili. Ni mara yangu ya kwanza kutoka tangu nije Oktoba. Mtoto wangu anasema picha zangu zote nimesimama na friji. Ameniuliza kama Riyadh ni jikoni.

— Umefika kwa wenyewe! Meya alisema. Mji huu raha yake ni baridi. Asiyejua maana haambiwi maana, kwa hivyo sikiliza nikwambie.

— Wacha bana, Meya, Redio alimkata. Raha ya baridi ni jangwani, kwenye mahema. Kuni zinawaka, mbuzi anachomwa. Mchanga wa huku unameza jua mchana kutwa na usiku haurudishi hata kidogo. Hiyo ndiyo siri ya hii baridi.

— Mchanga unameza jua? Meya aliuliza.

— Unameza! Mwezi wa saba ndipo unalitapika. Umesahau hilo joto?

— Nyinyi mnateseka bure, Jeddah alisema. Kule kwetu Jeddah, Januari mtu anavaa shati. Unakaa kando ya bahari, unakula samaki. Baridi ikitoka huku inafika njiani, inaona milima ya Taif, inageuza.

— Inageuzwa na nani? Redio alidakia. Ina ikama, kibali cha kuishi Riyadh peke yake?

Walicheka. Hata Serah alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa ya simu.

— Sasa niende wapi? Pa karibu.

— Kuna yale maonyesho makubwa ya msimu, Meya alisema. Ukifika, pakingi ya kushoto, nyuma ya ukuta. Hapana upepo kabisa. Mimi hulala pale saa tano mfululizo nikimngoja bosi.

— Au hemani, Redio alisema. Simama upande wa jenereta. Joto kama kwa mama.

— Kornishi ya Jeddah, ile barabara ya ufukweni, ukiegesha lori likitazama maji...

— Jeddah ni mbali, ndugu yangu, Emmah alisema.

— Basi hii bustani kubwa ya hapa Malaz! Meya alisema. Lango la pili lina mti. Kivuli chake kinatosha magari matatu.

— Na huko ndani kukoje? Serah aliuliza.

Meya alitazama gahawa yake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu Emmah amjue, alizimika. Mvuke wa dobi ulitoka, ukapotea.

— Ndani, Jeddah alisema mwishowe, kuna watu.

— Umewaona?

— Wakitoka.

— Wanatokaje?

— Wamefurahi.

Wote walimgeukia Emmah, kwa kuwa yeye huingia ndani na mapacha. Emmah alijaribu kukumbuka. Aliona midomo miwili yenye aiskrimu. Aliona kamba ya kiatu. Zaidi ya hapo hakuona kitu.

— Mimi niliangalia watoto, alisema polepole.

— Miaka sita tunakaa hapa, Redio alinong'ona. Na ni mitaa minne tu kutoka hapa.

— Haraka haraka haina baraka, Meya alijitetea.

Serah alirudisha kikombe, akashukuru, akasema basi atapiga picha hapo hapo ukutani, mtoto ataona angalau si friji. Emmah aliinamisha chupa amwongezee. Yakatoka matone mawili.

— Halas, gahawa imeisha, alisema. Tumekaa kufanya nini?

Meya aliinuka. Alivua farwa, akamtupia Serah mabegani bila kumtazama.

— Si kwamba nakupa. Inanizuia kutembea. Yalla, mtoto anangoja!

Redio alibeba chupa tupu. Jeddah alitangulia, akiapa kwamba anajua njia ya mkato, na ndiye waliyemngoja kwenye kona zote mbili.

Msichana mmoja Msaudia, aliyekuwa akila mahindi karibu na chemchemi ndani ya bustani, ndiye aliyewapiga picha. Ilifika kwa mtoto, Machakos, jioni ile ile, saa kumi na mbili kasoro. Serah amevaa joho linalofagia chini, anacheka. Mtoto alijibu kwa kuuliza swali moja: kwa nini wale wengine wanne wanatazama huku na huku, hakuna hata mmoja anayeangalia kamera.