Fundi Aliyewaketisha Abiria wa Sawa Sawa kwa Miaka Thelathini

Jumamosi hii, tarehe 30 Septemba 2023, Muzee Théoneste Twagirimana, fundi mkuu wa karakana yetu ya mbao, anavua koti lake la bluu na kustaafu. Alianza kazi Machi 1993. Hiyo ni miaka thelathini na nusu, na muda wote huo kazi yake imekuwa moja: kuhakikisha kwamba kila anayepanda boti yetu, Sawa Sawa, kutoka Goma kwenda Bukavu anapata mahali pa kukaa. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mimi, Dative, ndiye muuza tiketi, na meza yangu inatazamana na mlango wa karakana. Nimeona mengi. Baadhi aliniomba nisiyaseme.

Muzee alizaliwa Kibumba, akajifunza useremala parokiani, alikotengeneza mabenchi ya kanisa. Alipoajiriwa hapa, boti haikuwa na kiti hata kimoja. Abiria walikalia magunia yao ya viazi, na asiye na gunia alikalia la mwenzake. Mkurugenzi wa wakati huo, marehemu Papa Niyitegeka, alimwagiza atengeneze mabenchi. Muzee alijua benchi la aina moja tu, akatengeneza hilo hilo: mabenchi arobaini ya mbao nyekundu za libuyu, kila moja la watu watatu, na mgongo ulionyooka kama ukuta. Kwa miaka mingi watu wa bandari ya Bukavu walimtambua abiria wa Sawa Sawa kwa jinsi alivyoshuka, kifua mbele, kama askari wa gwaride.

Hata hivyo, chini ya kila benchi aliweka kitu ambacho kanisani hakipo. Ni sanduku lenye kifuniko, ndani yake majaketi matatu ya kuokolea, yale tunayoita jile, pamoja na nafasi ya mizigo midogo. Kifuniko lazima kiinuliwe kwa mkono mmoja. Tulipomuuliza sababu, alijibu, "Mama iko na mutoto ku mukono ingine." Kila Jumatatu alipita akiinua vifuniko vyote arobaini kwa kidole. Kilichokwama kilipelekwa karakana siku hiyo hiyo.

Alikuwa pia anapima watu kwa macho. Mama Kahindo, anayepeleka jibini ya Masisi Bukavu kila wiki, ni mama aliyejaliwa mwili. Mara ya kwanza alipopanda boti, Muzee alimtazama, akarudi karakana, na wiki iliyofuata benchi la mbele lilikuwa limeongezeka upana.

"Muzee, ulinipima?" Mama Kahindo alimuuliza.

"Nilipima mbao, mama."

Januari 2002, lava ya volkano ilipoingia mjini, Muzee na familia yake walikimbia kutoka mtaa wa Mapendo. Mke wake, Mama Emerance, alibeba watoto. Yeye alibeba randa na kipimo cha benchi. Kabati la sahani la Mama Emerance lilibaki kwenye moto, na mpaka leo linatajwa nyumbani kwao kila wageni wanapoandaliwa chakula.

Basi, mwaka 2019 tukapata mkurugenzi mpya, Papa Jephté, mtu wa Butembo, mchapakazi, anayependa vitu vije vimeshakamilika. Hakumaliza miezi mitatu, lori likashusha katoni bandarini: viti sitini vya kununua, vya plastiki ngumu, vimevikwa kitambaa laini, kila kimoja na mikono yake miwili. Alimwita Muzee mbele yetu sote.

"Muzee, dunia imeenda mbele. Viti banavinunua, habatengenezake tena."

"Sawa, Direkta. Na atelie yetu, karakana?"

Direkta alizitazama katoni. "Tutaona."

Kesho yake karatasi ilibandikwa ubaoni. Upande wa kushoto wa boti ungebaki na mabenchi ya Muzee, na upande wa kulia ungefungwa viti vipya. Baada ya miezi mitatu, upande utakaopendwa na abiria ndio ungeshinda. Vikishinda viti vya kununua, karakana ingefungwa, na mafundi wake watatu wangetafuta kazi kwingine: Muzee, Papa Evariste na Mama Igihozo. Muzee aliomba jambo moja tu, kwamba tiketi zisiandikwe namba ya kiti, ili kila mtu achague kwa miguu yake. Direkta alikubali kwa furaha.

Ningependa kuandika kwamba abiria walisimama na fundi wetu. Hawakusimama. Asubuhi ya kwanza walisukumana kwenda kulia mpaka mabaharia wakaingia kati. Kushoto walikaa waliochelewa, pamoja na kuku wanne. Wiki nzima ikawa hivyo. Muzee aliacha kula mchana pamoja nasi. Alijifungia karakana akipiga randa ubao ambao hakuna aliyeuagiza, mpaka ukabaki mwembamba kama karatasi.

Wiki ya pili, siku yake ya mapumziko, mzee mmoja alikuja dirishani kwangu na koti la Jumapili na kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi. Akaomba tiketi ya Bukavu kwa sauti nzito ambayo si yake. Nilimuuzia bila kucheka. Siku hiyo nilikuwa na safari ya kupeleka barua ofisi yetu ya Bukavu, kwa hiyo nilimwona vizuri. Alikaa upande wa kulia, akatoa daftari na penseli. Alikuja kukusanya makosa ya viti vya Direkta. Tulipokaribia kisiwa cha Idjwi alikuwa ameshaandika manne: mikono inabana, mzigo hauna mahali, parafujo ni fupi, kinanuka plastiki. Kosa la tano lilianza kwa herufi moja, kisha mstari wa penseli ukateremka taratibu mpaka chini ya ukurasa.

Muzee alikuwa amelala. Alilala mpaka Bukavu, mdomo wazi, kofia mapajani.

"Muzee, tumefika," nilimwambia.

Alifumbua macho, akaniona, akaona daftari lake. "Dative, usiambie mutu."

Nimenyamaza miaka minne. Leo naomba radhi.

Wakati wa kurudi alikaa kwenye benchi lake mwenyewe, kusudi, saa zote sita. Tulipofika Goma alishuka ameshika kiuno. Alisimama gatini kwa muda, watu wakimpita.

"Miaka makumi mbili na sita," alisema. "Batu wote bale banaumia mugongo, na hakuna hata moja aliniambia."

"Tulikuwa tunakuogopa, Muzee."

"Miye? Munaniogopa juu ya nini?"

Tulikuwa tumemheshimu kiasi cha kumwacha akosee, robo karne. Macho yake yalilowa, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba angeondoka mwenyewe kabla ya kufukuzwa.

Hakuondoka. Siku iliyofuata alikwenda kwa Direkta, akaomba kiti kimoja cha kununua, akakifungua chote mezani, parafujo hapa, kitambaa pale. Mafundi wenzake walidhani hasira zimempanda. Kumbe alikuwa anapima. Aligundua kwamba mgongo wa kile kiti umelala nyuma kiasi cha upana wa kiganja, na sehemu ya kukalia imeinuka kidogo mbele, basi. Siri yote ndiyo hiyo. Jioni ile walianza kung'oa migongo ya mabenchi na kuirudisha ikiwa imelala. Mama Emerance alishona mito ya sponji, ile tunayoita mus. Masanduku ya chini hayakuguswa. Mwezi wa pili ulipokwisha, kushoto kulianza kujaa, na kuku wakakosa nafasi.

"Muzee, umeiba plan ya kiti yangu!" Direkta alilalamika.

"Ndiyo, Direkta," alijibu Muzee kwa adabu.

Wiki hiyo hiyo Mama Kahindo, ambaye tangu mwanzo alikuwa hajakanyaga kulia, aliamua kujaribu kiti cha kisasa. Safari ilikuwa njema. Shida ilikuja bandarini Bukavu alipoinuka, kwa sababu kiti nacho kiliinuka. Parafujo fupi zilichomoka kwenye sakafu, na mikono ya kiti ikakataa kumwachia. Alikaa hivyo, nusu amesimama, akingoja mtu wa kumsaidia, na Muzee, aliyekuwa safarini kukagua mabenchi, alipiga magoti akafungua mkono mmoja bila kutabasamu hata kidogo. Katika kazi zake zote, mimi naihesabu hiyo kuwa ngumu kuliko zote. Direkta alikuwepo. Mama Kahindo alimwambia, "Direkta, kiti yako inanipenda sana. Inataka twende nayo ku soko."

Mpaka hapo tulikuwa tunacheka. Mwezi wa tatu hatukucheka. Siku moja, nami nikiwa tena na barua za Bukavu, tukiwa katikati ya ziwa, upepo ulishuka ghafla kutoka milimani, na Kapteni Havugimana akaamuru kila mtu avae jile. Kushoto, vifuniko viliinuka na watu wakavaa kabla mtu hajamaliza kusali Baba Yetu. Kulia hapakuwa na masanduku. Jile za upande huo zilikuwa zimefungwa kwa kamba ndani ya stoo ya nyuma. Abiria wa kulia walipoona wenzao wamevaa, walikimbilia kushoto, na boti ikaanza kuinama.

"Rudini! Kila mutu akae kwake!" Kapteni alipiga kelele.

Papa Jephté alikuwa kulia siku hiyo, ameshika kiti chake kwa mikono miwili. Muzee alivua jile aliyokuwa amevaa, akamvika Direkta, akamfunga mshipi kama mtoto wa shule. Kisha alikwenda stoo, akakata kamba kwa patasi iliyokuwa mfukoni mwake. Mama Igihozo, aliyekuja naye kukagua mabenchi, alisimama mlangoni akizirusha jile, na zikapita mkono kwa mkono mpaka kila mtu akapata. Ya mwisho akavaa Muzee. Baada ya nusu saa upepo ukatulia. Tulifika wote, viatu vimelowa, na hakuna aliyeumia.

Asubuhi iliyofuata Direkta aliingia karakana kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alibaki amesimama, ingawa viti vilikuwepo.

"Muzee, viti vile nitavirudisha. Vyote."

"Hapana, Direkta. Vinanilalisha vizuri." Hapo akajua amejifichua, akanitazama. "Tuviache. Tuvijengee sanduku ku chini, tutoe mikono, tutie parafujo murefu."

Wakafanya hivyo. Leo kulia kuna viti vya kununua juu ya masanduku ya Muzee, kushoto kuna mabenchi ya Muzee yenye mgongo wa kununua, na abiria wanakaa popote. Karatasi ya ubaoni Direkta aliibandua mwenyewe. Karakana inabaki wazi, na kuanzia Jumatatu itaongozwa na Mama Igihozo.

Tulimuuliza Muzee anataka zawadi gani. Aliomba tiketi mbili za Bukavu, na ndipo tulipojua jambo ambalo kwa miaka thelathini hakuna aliyelifikiria: Mama Emerance hajawahi kupanda Sawa Sawa. Anaogopa maji. Alishona mito yote ya mabenchi yetu, na hajakalia hata mmoja ukiwa ziwani. Nilikwenda mwenyewe kumpelekea tiketi yake. Aliigeuza mbele na nyuma, akaniuliza kama boti inatikisika sana, kisha akasema, "Nitaenda. Lakini yeye akae ku dirisha."

Kwa hiyo, wanaotaka kumuaga Muzee waje gatini Jumamosi kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Direkta mwenyewe ameahidi kumshika Mama Emerance mkono kwenye daraja la kupandia. Asante, Muzee, kwa kila kifuniko kinachoinuka kwa mkono mmoja. Tunawaombea nyinyi wawili afya, amani, na miaka mingi ya kukaa pamoja.