Sarafu Mbili za Ukurasa Mmoja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, wakuu wa idara, wenzangu wa chumba cha upimaji, wafanyabiashara na wakusanyaji wa sarafu mliotutembelea, na wewe mume wangu uliyekaa karibu na meza ya vinywaji kama vile umetumwa kuilinda: nawasalimu nyote.

Katibu muhtasi ameniandikia hotuba nzuri ya kustaafu. Ina neno “shukrani” mara kumi na moja, nimehesabu. Nitaisoma nyumbani. Leo nina jambo langu, na nisipolisema hapa nitaondoka nalo.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: mtu huleta sarafu, sisi tukaitazama chini ya taa kwa kioo cha kukuzia, tukaipa daraja kuanzia moja mpaka sabini, kisha tukaifungia kwenye kisanduku cha plastiki chenye lebo. Sitini kwenda juu maana yake sarafu haijawahi kutumika. Hamsini na nane maana yake imepita mikononi kidogo. Bei za namba hizo zinatofautiana sana, na watu wananunua kwa kuisoma lebo tu, kwa sababu wanatuamini.

Kila sarafu ina wapimaji watatu. Kila mmoja anaandika namba yake kwenye kikaratasi, anakikunja, anakitumbukiza kwenye kopo la majani ya chai ambalo nililikuta nilipoajiriwa. Hatuongei. Jina la mwenye sarafu hatulioni. Tulijivunia sana utaratibu huo, tukawasimulia wageni. Lakini nawauliza, wenzangu: mwaka ulioandikwa kwenye sarafu yenyewe, nani alitufichia?

Miaka kumi na moja iliyopita ililetwa sarafu ya mwaka wa mgomo. Mwaka ule wafanyakazi wa kiwanda cha sarafu waligoma, zikatoka mia nne tu. Siku hiyo hakuna aliyefungua mdomo. Ila mwenzetu mkongwe tuliyemwita Bwana Taratibu, Mungu amrehemu, aliinuka kwenye kiti chake akaja kuitazama ikiwa bado mkononi mwangu. Katika miaka yangu thelathini na moja sijamwona mtu akiinuka kwa ajili ya sarafu ya kawaida. Ya kawaida tunaipa sekunde kumi. Ile tuliipa nusu saa, na ukikitazama kitu nusu saa nzima huku unatamani kiwe kizuri, kitakuwa kizuri tu. Vikaratasi vikafunguliwa: sitini na nne, sitini na nne, sitini na nne. Tukapeana mikono.

Mwezi uliopita nilikuwa nasafisha droo yangu nikakuta daftari la miaka kumi na moja iliyopita. Ukurasa wa siku hiyo una mistari miwili niliyoiandika asubuhi moja. Wa juu ni wa sarafu ya kawaida: “Shavuni mng’ao umekatika. Imetumika. Hamsini na nane.” Wa chini ni wa sarafu ya mgomo: “Shavuni mng’ao umekatika. Chapa haikugonga sawasawa kiwandani. Sitini na nne.” Kasoro ileile, kwa mwandiko wangu uleule. Moja niliihukumu, nyingine nikaitafutia udhuru. Niliona aibu, na sitaki kulipamba neno hilo.

Sarafu ile ilinunuliwa na fundi saa mmoja. Alipoacha kazi aliuza karakana yake, akaweka karibu fedha zote kwenye kisanduku chetu, awe na cha kuuza uzeeni. Yupo hapa, safu ya pili, shati la bluu. Nilimfuata nyumbani na daftari langu. Mkewe alinikaribisha, akaniletea maji ya kunywa. Fundi akavaa kile kioo chake cha jichoni, akaisoma mistari yote miwili, kisha akaniuliza:

“Dada, siku ile uliitazama sarafu, au uliusoma mwaka?”

Nikamjibu, “Niliusoma mwaka, kaka.”

“Basi ipimeni tena,” akasema. “Mimi saa ya tajiri na saa ya mlinzi nilizifungua kwa bisibisi moja.”

Nikakata kadi kutoka kwenye maboksi ya viatu, kila moja nikaitoboa tundu la kuonyesha sura tu, mwaka na lebo vikifichika. Sarafu ya fundi tukaichanganya na thelathini za kawaida zenye sura hiyohiyo, zote zikiwa kwenye visanduku, kila moja chini ya kadi yake. Wapimaji wengine watatu, mimi nikiwa nje, wakazipima zote bila kujua kwamba imo. Kwa sarafu ya fundi, kwenye kopo yakatoka haya: hamsini na nane, hamsini na nane, hamsini na tano. Huyo wa hamsini na tano tumemzoea. Hata keki ya harusi yake aliikata alama.

Mkurugenzi, tumegombana wiki mbili juu ya jambo hili, na bado nakupenda. Uliniambia, “Mama Lenzi, sarafu adimu inaonewa huruma kila mahali. Soko lenyewe linajua.” Inawezekana linajua. Fundi hakujua. Na uadimu una bei yake tayari: kila mtu anaweza kuusoma mwaka na kuuliza zilitoka ngapi. Sisi tukiuingiza tena kwenye daraja, mnunuzi analipia kitu kimoja mara mbili, na mara ya pili analipia macho yetu yaliyolegea. Nani kati yenu angenunua kwa mizani inayoongeza uzito kwa sababu tu kilichowekwa juu yake ni dhahabu?

Naona wafanyabiashara wameanza kutazamana. Mmoja wenu alimshauri fundi anyamaze, aiuze haraka na lebo yake ya zamani. “Kosa ni lao, si lako,” alimwambia. Fundi akamuuliza, je, yeye angeinunua? Nimefurahi kwamba umekuja, ndugu yangu, na chai tafadhali kunywa.

Mkurugenzi, nikupe na haki yako. Jana ulisaini barua kwamba kampuni itamlipa fundi tofauti ya bei, kama dhamana yetu inavyosema. Ulisaini umenuna, lakini ulisaini. Na uliposikia kwamba nitalisema hapa mbele ya wateja wetu, hukunizuia. Hilo nitalikumbuka kuliko saa ya ukutani mliyonipa, ingawa saa nimeipenda.

Wenzangu wa chumba cha upimaji, nimewaachia kadi thelathini na moja za kuficha mwaka. Nimezikata sebuleni kwangu, na mume wangu ndiye aliyepoteza maboksi yake yote ya viatu. Msizichukulie kama matusi. Sikuwa mwizi siku ile, wala Bwana Taratibu hakuwa mwizi. Tuliifurahia sarafu, tukamsahau mtu atakayeinunua.

Sasa ni saa kumi na dakika kumi. Barua yangu inasema nastaafu saa kumi na nusu, kwa hiyo kwa dakika ishirini bado mimi ni mpimaji mkuu wa nyumba hii. Nawashukuru kwa miaka yote, kwa kunivumilia, na kwa masikio mliyonipa mchana huu.

Fundi, kaka yangu, njoo hapa mbele na kile kisanduku. Lebo ya sitini na nne ina saini yangu, na ni mimi ninayepaswa kuikata. Mpya nimeshaiandika kwa mkono wangu, hamsini na nane: daraja kwanza, mwaka mwisho. Mkasi ninao.