Mama Yangu Alikaa Nyuma ya Nyumba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mlioketi kule nyuma karibu na mlango, Bwana asifiwe! Mchungaji amenipa dakika chache, na mnanijua, nikishika maikrofoni huwa nachelewa kuirudisha. Leo nitajitahidi. Nimekuja kusema jinsi Mungu alivyonifungua, na kilichonifunga hakikuwa pombe wala uchawi. Kilichonifunga ni nyumba yangu mwenyewe.

Mimi na Baba Tumaini tulikuja Johannesburg kutoka Kenya kwa ajili ya kazi. Kwa miaka mingi tuliishi kwenye fleti ndogo, mimi nikifanya kazi benki kule Sandton, nikiomba Mungu atupe nyumba. Akatupa! Nyumba ya zamani si mbali na Bertrams, iliyojengwa miaka ya hamsini. Mwingine angeibomoa. Mimi nilipoona sakafu yake ya vipande vya mbao vilivyopangwa kama mkeka, na madirisha mapana yanayoingiza jua hadi katikati ya sebule, moyo ulinidunda. Nikasema, nyumba hii nitairudisha ilivyokuwa siku ilipomalizika kujengwa.

Ndugu zangu, kupenda kitu kizuri si dhambi. Lakini mimi sikupenda, mimi nilishikwa. Kila Jumamosi nilikuwa kwenye maduka ya vitu vya zamani, napapasa miguu ya viti vya watu. Papa Amani, fundi wa fanicha, Mkongo wa Bukavu mwenye karakana pale Bertrams, alinitengenezea viti vinne vya mtindo wa enzi hizo, vya miguu myembamba iliyotanuka, na kabati la msaji, pana na la chini. Alipiga msasa, akapaka mafuta, mbao ikatoka na rangi ya asali. Kitambaa cha viti nilikirudisha dukani mara tatu kwa sababu kijani chake hakikuwa kile kijani. Mume wangu akaniuliza kama tunapamba nyumba au tunaoza binti.

Mnakumbuka ibada za nyumbani za Jumatano? Zamu yetu ilipofika nilisema vanishi ya sakafu haijakauka. Zamu ya pili nikasema vanishi haijakauka. Jamani, vanishi gani hukauka miezi minne? Mlinivumilia. Mungu awabariki kwa hilo.

Sasa, mama yangu akaja kutoka Nyahururu, mara yake ya kwanza kupanda ndege, kumwona mjukuu wake Tumaini aliyekuwa ametimiza mwaka mmoja. Mnajua nyumba zetu kule Kenya. Kochi bila vitambaa ni kochi lililo uchi. Mama alikuwa amefuma vitambaa vya krosheti mwaka mzima, vyeupe, vyenye maua pembeni, vya kila kiti na kila meza ya nyumba ambayo hakuwa ameiona. Macho yake si mazuri tena. Alifuma hivyo hivyo, akihesabu kwa vidole.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikakuta sebule yote imevaa. Mbao ya msaji niliyoitafuta mwaka mzima, haionekani! Nikavitoa. Mama alipoenda kuoga akarudi, akavikuta vimerundikwa pembeni. Akavitandaza tena, akidhani labda ni mtoto. Nikavitoa tena. Siku ya tatu nikavitia kwenye sanduku, nikalipeleka stoo. Hakuniuliza.

Wiki iliyofuata aliweka kikombe cha chai ya moto juu ya kabati. Kikaacha duara jeupe. Ndugu zangu, naona aibu kusema mbele yenu maneno niliyomwambia mwanamke aliyenizaa. Nilipiga kelele. Kwa ajili ya duara! Mama alichukua kikombe chake kwa mikono miwili, akasema pole, akaenda nacho jikoni.

Tangu siku hiyo hakukaa sebuleni tena. Mimi nilikuwa nikitoka kazini nakuta nyumba inang'aa, kila kitu mahali pake, nikashukuru kwamba mama sasa ameelewa. Niliona amani! Ndivyo utumwa ulivyo. Unafungwa mnyororo, unauita mkufu.

Ilikuwa Julai, na baridi ya huku mnaijua. Jumamosi moja Papa Amani alikuja, mara ya tatu sasa, kumalizia kuondoa lile duara. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mkononi, kisha akasema, "Mama Tumaini, munisamehe, nisema kitu moja. Ule mama muzee mwenye anawatumikia, kila nikikuya namukuta inje kwa baridi, anakalia ndoo. Mumupatie hata kiti."

Mama mzee anayetutumikia!

Nilitaka kumwambia, huyo si mfanyakazi, huyo ni mama yangu. Lakini fundi huyu, mtu mpole asiyejua habari zetu, alisema tu alichokiona. Mimi ndiye niliyekuwa sijakiona.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa pale ukutani penye kijua, amekalia ndoo iliyopinduliwa, shuka mabegani, macho ameyafumba. Alikuwa anaomba kwa Kikuyu, taratibu, kama mtu anayezungumza na jirani. Nikasikia akisema, Bwana, zimebaki siku tisa, nisaidie nisiharibu kitu chochote cha mtoto wangu mpaka niondoke.

Nilipiga magoti kwenye saruji nikalia, nikaomba msamaha kwake na kwa Mungu kwa pamoja, maneno yakichanganyika. Kusamehe, alinisamehe papo hapo, maana ni mama. Akanifuta uso kwa shuka. Lakini nilipomwambia, "Twende ndani ukae," alicheka kidogo akasema, "Mimi niko sawa hapa. Hapa hakuna kitu ya kuharibu."

Nilimbembeleza Jumamosi nzima. Jumapili vilevile. Aliingia, akasimama, akatoka. Nikaogopa, ndugu zangu! Nilielewa kwamba mama yangu atapanda ndege akiwa amenisamehe, lakini atakwenda akiwa mgeni aliyeponea chupuchupu, na labda hatarudi tena. Nikamwambia Mungu, mimi nimefunga mlango huu na siwezi kuufungua. Ufungue Wewe.

Baada ya ibada ya Jumapili ile nilimfuata mchungaji nikamwambia, Jumatano ni kwangu. Aliniuliza kama vanishi imekauka. Nikasema imekauka tangu Machi, mchungaji, nilikuwa nadanganya.

Mkaja! Mlijaa hadi sakafuni, na Papa Amani nilimwalika naye akaja. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni na chupa ya chai. Mchungaji alipomwomba yeye, aliye mkubwa kuliko sote, atuongoze katika maombi, Papa Amani aliinuka, akakisogeza mbele kiti alichokuwa amekikalia. Mama akaja. Aliomba akiwa amesimama, muda mrefu, akawataja watoto wa kila nyumba. Aliposema amina alikuwa amechoka, akaketi bila kufikiri. Tumaini akamjia mapajani na kikombe chake cha uji, na uji wote, wa wimbi, mweusi, ukamwagika kwenye kile kijani.

Mama akaniangalia. Akaanza kuufuta uji haraka haraka kwa viganja. Na mimi nilijichungulia ndani, nikatafuta ile hasira, kwa maana naijua, huwa inaanzia hapa shingoni. Haikuwapo! Ndugu zangu, nawaambia kweli, haikuwapo! Kilichopanda ni kicheko. Nilicheka hadi nikakaa chini. Mama alinitazama akihakikisha, kisha akashusha pumzi, akasema mbele ya watu wote, "Si ungeacha vitambaa vyangu. Hiyo uji haingefika hapo."

Hapo ndipo niliposhangilia, mliokuwapo mnakumbuka, hadi mbwa wa jirani wakabweka. Mama yangu alinikemea! Mtu hakemei katika nyumba ambayo si yake. Tiketi tukaisogeza mbele mwezi mzima, na mwezi huo wote alikaa sebuleni akielekeza watu.

Ndugu yangu, huenda wewe nyumba yako haina shida. Labda ni gari, au cheo, au jina lako zuri hapa kanisani. Chunguza tu ni nani anakaa nje kwa sababu yake. Kisha usijaribu peke yako kama nilivyojaribu mimi. Mwite Bwana. Aliyenitoa mimi kwenye sebule yangu hashindwi na ya kwako. Mwamini leo!

Nimalizie, mchungaji ameshaanza kusimama. Juzi mama alinipigia simu kutoka Nyahururu. Alisema atakuja Disemba na dada zake wawili, watakaa hadi Pasaka, nitayarishe vitanda. Hakuomba ruhusa, ndugu zangu. Alinijulisha tu! Sifa zote ni kwa Mungu. Amina.