Tairi la Ndani

Asifiwe Bwana aliye hai, ndugu zangu! Mmezoea kuniona benchi la mwisho karibu na mlango, natoka kabla hamjaanza kupeana mikono. Leo nimeomba kusimama mbele. Nikikwama mnivumilie, mimi ni mtu wa usukani, siyo wa maneno.

Wengi hapa Tunduma mnalijua lori langu. Nabeba mahindi kutoka Igamba na Ihanda, nayaleta sokoni hapa mpakani. Madereva wenzangu wana matingo, vijana wa kuwasaidia safarini. Mimi nilikuwa na mke. Marehemu Atupele alikaa kiti cha kushoto safari zote. Kila asubuhi, kabla sijawasha gari, alizunguka na mchi wa kinu uliokatika, akagonga matairi moja moja. Tairi lenye upepo hujibu, mchi unaruka. Lililopungukiwa hupokea pigo likanyamaza. Na nyuma matairi hukaa mawili mawili, bega kwa bega, kwa hiyo la ndani likiisha upepo huwezi kujua kwa macho, maana la nje linalibebea mzigo na gari halilali. Mpaka uiname ulifikie na kuligonga. Atupele akimaliza alipanda kitini na kuniambia, "Yote yapo, baba Neema. Twende."

Atupele alifariki masika ya mwaka jana. Sinung'uniki, ndugu zangu. Mlikuja, mlilala kwangu, mlipika, mliimba. Lakini matanga huanuliwa, na palizi haingoji mtu. Kila mmoja akarudi shambani kwake, na binti yangu Neema akarudi kwa mumewe Sumbawanga. Nikaanza kuiacha redio inaongea mchana kutwa ndani ya nyumba iliyofungwa, ili nikirudi nikute mtu anaongea.

Ule mchi niliuviringisha kwenye khanga yake nikaulaza kiti cha kushoto. Sikuchukua utingo. Aliyeomba lifti nilimwambia nafasi imejaa, akachungulia akaona khanga, akanitazama, akaondoka. Na matairi sikuyagonga tena. Niyagonge, halafu nani aniambie yote yapo?

Basi tairi la nje la nyuma kushoto likaanza kuonyesha nyuzi. Nikaenda kwa Mama Swaumu, yule mama wa Kigoma mwenye duka la matairi karibu na maegesho ya malori. Hakukimbilia kuniuzia. Aliniuliza mzigo gani, barabara gani. Nikamwambia mahindi, lami kidogo, changarawe nyingi na milima. Akaniwekea mbele tairi lenye meno ya kina na ubavu mgumu, akanionyesha pale ubavuni namba ya uzito linaoweza kubeba na mwaka lilipotengenezwa, maana yapo matairi mapya yaliyozeekea juani. Hapo tulielewana. Nikasema nipe moja. Mama yule akakataa! Akasema matairi ya nyuma ni kama ng'ombe wa jembe, yanafungwa mawili yanayolingana. Ukiweka jipya kando ya lililolika, jipya ndilo refu, litabeba mzigo wa wote wawili mpaka lipasuke. Akataka nilete gari alione la ndani.

Nikachukia. Nikamwambia, "La ndani nani analiona, Mama Swaumu?"

Maana sisi madereva tunajua kuwa askari barabarani hutazama la nje. Zuri tunaliweka nje, bovu tunalisukuma ndani, safari inaendelea. Nikaenda duka jingine, nikanunua moja lililong'aa kwa rangi nyeusi nikalifunga. Na mimi mwenyewe, ndugu zangu, nilikuwa hivyohivyo. Ndevu nimenyoa, shati limepigwa pasi, mkiniuliza hali nawajibu namshukuru Mungu.

Sasa siku ile natoka Igamba, jua la mchana, magunia yamepita bodi. Niko katikati ya mteremko nikasikia mlipuko nyuma. Gari likalala kushoto, usukani ukanikataa. Mbele yangu, shambani kando ya barabara, wanawake walikuwa wameinama wanapalilia, migongo wamenielekezea mimi. Nikajua nakwenda kuwaua. Ndugu zangu, kwa miezi mingi nilikuwa namwambia Mungu akitaka anichukue tu, sina ninachosubiri hapa duniani. Lakini pale nilipiga kelele ndani ya gari, "Bwana, siyo hivi! Bado nataka kuishi!" Nikaligandamiza lori kwenye ukingo wa udongo, likaburuza ubavu, likapunguza, likapunguza, likasimama tairi la mbele limepanda tuta la mahindi. Hakuguswa mtu! Sifa kwa Bwana!

Wanawake wale walikuja na mawe, wakayazuilia magurudumu kabla hata hawajaniuliza jina. Nilipofungua matairi nikaona mambo. La nje limechanika vipande. La ndani lilikuwa halina upepo tangu siku nyingi, limejitafuna lenyewe mpaka unga wa mpira unamwagika. Mchi wa Atupele ungeniambia asubuhi moja tu. Nikakaa chini nikalia, mtu mzima na mvi zangu, mbele ya watu nisiowajua, nikasema, "Mke wangu amekufa."

Wakadhani amekufa pale pale. Mmoja, mama wa makamo waliyemwita mama Tusekile, akakimbilia kiti cha kushoto, akarudi ameshika khanga na mchi, hajui afanye nini. Ikabidi niseme ukweli kwamba ni masika ya mwaka jana. Nikangoja wanicheke.

Mama Tusekile akaweka jembe chini. Akasema, "Basi huu msiba haujaisha, baba. Kaa, tukae."

Wakakaa ardhini wote, wamenyoosha miguu kama wanavyokaa msibani. Hakuna aliyeniambia nijikaze. Waliniuliza alikuwa anaitwa nani, anapika nini, anacheka vipi, nami nikawajibu. Ndugu zangu, siku ile palizi ilingoja.

Nilimpigia simu Mama Swaumu kwa aibu kubwa. Hakunisuta. Alisema alhamdulillahi u mzima, akatuma matairi mawili yanayofanana kwa gari lililokuwa linapita njia ile, na yakafika jua likiwa bado lipo. Baada ya kuyafunga nikauchukua mchi. Nikazunguka, nikainama, nikagonga la nje na la ndani. Yote yakajibu. Nikasema mwenyewe, yote yapo, twende. Mama Tusekile alikuwa anakwenda Vwawa kumtazama dada yake, akaomba lifti. Nikaiondoa khanga kwenye kiti, akapanda.

Sitawadanganya kwamba upweke umeisha. Jana usingizi ulinipita, na redio bado naiacha inaongea. Lakini namshukuru Yesu, ambaye hakuishia kunitazama nje. Aliinama akanigonga pale ambapo sikutaka pagongwe, akasikia kuwa nimekwisha, wala hakunitupa. Kama upo hapa na mzigo wa wawili umeubeba peke yako, na ukiulizwa unasema mzima, mwamini huyu Bwana, mruhusu ainame. Na ninyi wenye majirani wafiwa, rudini tena baada ya palizi. Wagongeni.

Nami leo sitatoka mapema. Lori liko hapo nje, tukimaliza naelekea Igamba, na kiti cha kushoto hakina mtu. Anayekwenda njia hiyo aje apande. Ila kabla ya kupanda nitampa mchi, azunguke agonge matairi, halafu aniambie kama yote yapo.