Tasi Wadogo wa Tunu

Tunu alikuwa amekaa nyuma ya watu wawili wasiojuana, kapakata kikapu cha samaki wa kukaanga, tasi wadogo kama vidole, kafunika kwa jani la mgomba. Basi la kutoka Kunduchi kwenda Kariakoo lilikuwa halijafika hata Mwenge, nao wameshaanza kubishana.

Bwana Husseinali, muuza nyavu, alikuwa akiisifu amri mpya ya serikali ya kukataza nyavu za matundu madogo. "Samaki mdogo aachwe akue," alisema. Za matundu makubwa, alikiri mwenyewe, zilikuwa zimejaa dukani kwake.

"Akishakua, nani atamkaanga?" akauliza Mfaume, mvuvi. "Serikali hiyo hiyo imetukataza kuni za mikoko. Samaki mkubwa anataka moto wa kuni. Mdogo anaiva kwa vifuu vya nazi."

Tunu, aliyewasha vifuu alfajiri hiyo, alikohoa tu.

"Tukimaliza mikoko na samaki, mzee wangu, wajukuu watakula nini?" akauliza Husseinali.

"Watakula amri. Hizo haziishi."

Husseinali akageuka nyuma, pua imemtangulia, akachungulia chini ya jani. "Mama, hao mbona wadogo?"

"Wadogo, baba. Onja uhakikishe."

Akaonja. Akahakikisha tena. Mpaka Magomeni alikuwa amehakikisha tisa, na Mfaume, kwa kuwa ni shahidi, saba.

Basi likasimama Kariakoo. Husseinali akafuta ndevu. "Amri ni amri," alisema akishuka. Kisha akarudisha mguu mmoja kwenye ngazi.

"Mama, kesho unapanda basi hili hili?"